Kabla ya Kuachia Bafa: Hotuba kuhusu Fanksheni za Usafishaji katika Viendeshi vya Siriali

Ndugu zangu waandishi wa viendeshi, nanyi mnaojiandaa kuingia katika kazi hii, asanteni kwa kunipa nafasi.

Leo nataka tukae na fanksheni moja tu. Si ile inayosoma baiti kutoka kwenye laini, wala ile inayopanga kasi. Ni ile inayoitwa kazi ikishakwisha: fanksheni ya usafishaji. Nimesoma viendeshi vingi vya siriali, yaani programu zinazoendesha laini inayopitisha biti moja baada ya nyingine, vilivyoandikwa na wengine, na vichache nimeviandika mwenyewe, na karibu kila mara hii ndiyo fanksheni fupi kuliko zote, tena iliyoandikwa mwisho. Mistari minne au mitano: bafa, kipande cha kumbukumbu cha kuwekea data, inaachiwa; pointa, anwani ya bafa hiyo, inafutwa; basi. Mwandishi alikuwa amechoka, baiti zilikuwa zimeshaanza kupita, na kila mtu alikuwa anasubiri kuona kifaa kikifanya kazi. Ninaielewa hali hiyo. Lakini baada ya miaka ya kuwinda hitilafu, nina hakika kwamba zile ngumu kuliko zote, zile zinazotokea mara moja kwa wiki na kukimbia kila unapozitazama, nyingi huzaliwa ndani ya mistari hiyo mitano.

Niwaeleze kwanza iliyonipata.

Niliwahi kuandika kiendeshi cha kidhibiti cha siriali kilichounganishwa na kifaa cha kupimia. Programu iliuliza swali, kifaa kikajibu kwa baiti chache, programu ikasoma jibu. Kasi ya laini ilikuwa biti 115200 kwa sekunde. Niliweka kikomo cha kusubiri jibu: milisekunde 50. Majaribio yote yalipita. Kisha mfumo ukaanza kuanguka, mara baada ya siku mbili, mara baada ya tano, na kila ulipoanguka ulianguka mahali pengine: leo kwenye mtandao, kesho kwenye mfumo wa faili. Wenzangu waliokuwa wakitunza sehemu hizo walitumia muda mwingi kutafuta makosa ambayo hayakuwa yao, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Kosa lilikuwa langu. Kifaa kile, kilipokuwa na shughuli nyingi, kilichukua karibu milisekunde 50 kujibu. Kikomo changu kilikuwa milisekunde 50. Kwa hiyo mara nyingine muamala, yaani ombi moja la kusoma tangu mwanzo hadi mwisho, ulifikia kikomo wakati uleule baiti za kwanza za jibu zilipokuwa zinaingia. Kiini kimoja cha prosesa kilikuwa kinasafisha na kuachia bafa. Kiini cha pili kilikuwa kimeshaingia ndani ya fanksheni ya interapti, ile inayoitwa kifaa kinapomkatiza prosesa kwa ishara, kimeshachukua pointa ya bafa ileile, na kikaandika baiti tatu kwenye kumbukumbu ambayo tayari ilikuwa mali ya mtu mwingine.

Baiti tatu tu, lakini zilitosha kuangusha mfumo mzima.

Ninalotaka tulishike hapa ni kwamba mgongano ule haukuwa ajali. Tunazoea kusema kwamba dirisha la hatari ni dogo, mikrosekunde kadhaa tu, kwa hiyo haliwezi kufikiwa. Sasa tufikiri muamala wa kupokea unakwisha lini. Unakwisha bafa ikijaa, yaani baiti zinapoingia. Unakwisha muda ukiisha, yaani karibu na wakati ambapo tulitarajia baiti zingeingia. Windows ina hata kikomo kinachoitwa ReadIntervalTimeout, kinachomaliza usomaji pakiwa na mwanya mrefu kati ya baiti moja na inayofuata, maana yake katikati ya maongezi. Na unakwisha programu ikighairi ombi, ambapo mara nyingi inafanya hivyo kwa sababu jibu limechelewa na liko njiani. Kila mlango wa kutokea uko jirani na mlango wa kuingilia. Usafishaji hauitwi wakati laini imetulia. Unaitwa wakati laini ina uwezekano mkubwa wa kuwa na kelele.

Tuingie sasa katika kazi yenyewe.

Fanksheni ya usafishaji ni kolibaki. Wewe unaiandika, lakini anayeiita ni mwingine, na hachagui wakati unaokufaa wewe. Kwenye Windows, tangu toleo la 8.1, mwitaji huyo ni kiunzi kinachoitwa SerCx2. Chenyewe hubeba kazi ya jumla ya bandari ya siriali, kama kupanga foleni za maombi na kuhesabu vikomo vya muda, na kiendeshi chako hubeba kile kinachohusu kifaa chako tu. Wakati wa kuunda kitu cha kupokelea kwa njia ya PIO, ambapo prosesa yenyewe huhamisha baiti, unakabidhi muundo wa SERCX2_PIO_RECEIVE_CONFIG ukiwa na orodha ya kolibaki zako, na miongoni mwake unaweza kuweka EvtSerCx2PioReceiveInitializeTransaction ya kuandaa kifaa kabla ya muamala na EvtSerCx2PioReceiveCleanupTransaction ya kukisafisha baada yake. Zote mbili ni hiari. Kama kifaa chako hakihitaji maandalizi ya kila muamala, ziache; fanksheni isiyokuwepo haina hitilafu. Kwenye Linux mambo yamepangwa tofauti: muundo wa uart_ops una startup na shutdown, na hizi ni za kufungua na kufunga bandari nzima, si za muamala mmoja mmoja. Tofauti hiyo ina uzito, na nitairudia.

Iwe mfumo gani, kazi ya usafishaji naiona kuwa ni ahadi moja. Unapomaliza, unamwahidi aliyekuita kwamba hakuna chochote chako kitakachogusa tena kumbukumbu hii, wala rejista hizi, nafasi ndogo ndani ya kifaa tunazokiongozea, kwa niaba ya muamala huu. Si interapti, si taima, si DMA (mashine inayohamisha data kwenye kumbukumbu bila prosesa), si kazi uliyoiahirisha kwenye foleni. Kuachia bafa ni matokeo ya ahadi hiyo. Sisi wengi tunaanza na matokeo.

Hatua ya kwanza ni kuzima chanzo. Kwenye familia ya chipu za siriali za 16550, ambayo wengi wetu tulianzia, rejista ya kuruhusu interapti ina biti nne zinazotuhusu: biti 0 ni ya data iliyopokelewa, biti 1 ni ya nafasi ya kutuma kuwa tupu, biti 2 ni ya hali ya laini, biti 3 ni ya mistari ya modemu. Unapomaliza muamala wa kupokea, zima biti zinazohusu kupokea. Nimekutana na msimbo unaoandika sifuri kwenye rejista nzima ndani ya usafishaji wa muamala mmoja. Mwandishi alidhani anakuwa mwangalifu, kumbe amenyamazisha muamala wa kutuma uliokuwa hai upande wa pili, na programu ikabaki inasubiri baiti ambazo hazitatoka milele. Na kwa kuwa unasoma rejista, unabadilisha biti moja, kisha unaandika, lazima ufanye hivyo ukiwa umeshika kufuli, kinga inayoshikwa na mmoja tu kwa wakati, lilelile ambalo upande wa kutuma hulishika. Bila hivyo mmoja wenu atafuta kazi ya mwenzake.

Kuna jambo jingine dogo hapa ambalo huwapotezea watu siku nzima. Kama rejista zako ziko kwenye kifaa cha PCI na unazifikia kupitia kumbukumbu, kuandika hakumaanishi kifaa kimepata. Maandishi hayo yanaweza kuwa bado yako njiani kwenye basi wakati prosesa imeshasonga mbele. Soma tena rejista ya kifaa hichohicho kabla ya kuendelea. Kusoma kunalazimisha yaliyoandikwa mbele yake yafike kwanza.

Hatua ya pili ni kuwasubiri walio njiani, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipoanguka.

Kuzima chanzo kunazuia interapti mpya. Hakumtoi aliyekwisha kuingia. Katika mashine yenye viini vingi, wakati wewe unaandika sifuri kwenye biti ya kupokea, kiini kingine kinaweza kuwa kiko mstari wa kumi wa fanksheni ya interapti, pointa ya bafa iko kwenye rejista ya prosesa, na hakuna unachoweza kukibadilisha kwenye kumbukumbu kitakachomfikia. Kuweka NULL kwenye pointa hakusaidii, ameshaisoma. Kuweka bendera ya kusema tumefunga hakusaidii, ameshaipita. Kuna njia mbili tu za kweli. Ama wewe na yeye mshike kufuli moja, na kazi yote ya kugusa bafa ifanyike ndani ya kufuli hilo, ili wewe ukilipata ujue hayumo. Ama umsubiri waziwazi hadi atoke. Kerneli ya Linux, moyo wa mfumo huo, inatoa synchronize_irq kwa kazi hiyo, nayo hairudi mpaka kila fanksheni ya interapti hiyo iliyokuwa inaendelea imemaliza. Fungueni kiendeshi cha 8250 ndani ya Linux, mtazame serial8250_do_shutdown: inaandika sifuri kwenye rejista ya interapti, halafu inaita synchronize_irq, ndipo inaendelea na mengine. Mpangilio huo ndio somo lenyewe. Mistari hiyo miwili ikibadilishana nafasi, unakuwa umesubiri waliopita huku mlango bado uko wazi kwa wanaokuja.

Taima nazo zina tabia hiyohiyo. Kuisimamisha taima kuna maana mbili zinazofanana kwa jina: kuiondoa kwenye orodha ili isilie tena, na kusubiri ile ambayo imeshalia na fanksheni yake inaendelea. Kwenye KMDF, kiunzi cha Windows cha kuandikia viendeshi, WdfTimerStop ina kigezo cha kuchagua kati ya hizo mbili, na namna ya kusubiri inaruhusiwa tu ukiwa katika ngazi ya PASSIVE_LEVEL, ngazi ya chini kabisa, ambapo kulala kunaruhusiwa. Ukichagua ile nyepesi kwa sababu uko katika ngazi ya juu, usijidanganye kwamba umemaliza. Umeondoa taima ijayo tu.

Sasa, ukimsubiri mtu, angalia umeshika nini mkononi. Kama umeshika kufuli, nawe unasubiri fanksheni ya interapti imalize, na fanksheni hiyo inasubiri kufuli ulilolishika, mtasimama hapo hadi mtu azime mashine. Kosa hili hutokea mara nyingi kwa waandishi makini, wale waliojifunza kushika kufuli kila wanapogusa hali ya kifaa. Shika kufuli, zima chanzo, achia kufuli, ndipo usubiri. Ukihitaji tena kufuli baada ya hapo, lishike upya.

Kwa DMA ahadi hii ni ngumu zaidi. Mashine ya DMA haijui habari za kufuli lako. Inaandika kwenye anwani uliyoipa mpaka uiambie iache, na kuambiwa iache si sawa na kuacha. Watunzaji wa sehemu ya DMA ya Linux walilitambua hili hadi wakatenganisha miito: dmaengine_terminate_async inatoa amri ya kusimama na kurudi papo hapo, na dmaengine_synchronize inasubiri hadi kila kitu, pamoja na kolibaki za kumaliza uhamisho, kimetulia. Kumbukumbu haiachiwi kabla ya huo wa pili. Ukikosea hapa, hata zana za kukagua kumbukumbu zinazoishi ndani ya kerneli hazitakuona, kwa sababu aliyeandika si prosesa.

Nilisema kolibaki haichagui wakati unaokufaa. Mfano wake mkali ni huu: SerCx2 inaweza kuiita fanksheni yako ya usafishaji ikiwa katika ngazi ya DISPATCH_LEVEL, mahali ambapo kulala hakuruhusiwi kabisa. Nimetoka kuwaambia msubiri, na hapa mwitaji anawakataza kusubiri. Mtafanyaje?

Jibu liko katika umbo la kiunzi chenyewe. Fanksheni hiyo ya usafishaji hairudishi thamani yoyote, na kurudi kwake si taarifa ya kwamba kazi imekwisha. Taarifa ni mwito wa pili, SerCx2PioReceiveCleanupTransactionComplete, na mwito huo unaufanya wewe, wakati wako. Kama usafishaji wa kifaa chako ni kuzima biti mbili ndani ya kufuli la interapti, fanya hivyo, toa taarifa, rudi. Kama unahitaji kusubiri, anzisha usafishaji, kabidhi sehemu iliyobaki kwa kazi inayoendeshwa katika PASSIVE_LEVEL, rudi kwa mwitaji, na kazi hiyo itatoa taarifa itakapomaliza. Nawaona baadhi yenu mkiandika, nami nawaomba mpigie mstari jambo hili: kurudi na kumaliza ni vitu viwili. Watu wengi waliosoma saini ya fanksheni bila kusoma maelezo yake walisahau mwito wa pili, na muamala wao wa kwanza ukabaki haujakwisha, na wa pili haukuanza kamwe.

Na kuna upande wa pili wa kosa hilo: kutoa taarifa mara mbili, au kutoa taarifa kisha kuendelea kugusa kitu cha muamala. Ukishasema umemaliza, muamala si wako tena. Mstari wa taarifa uwe wa mwisho. Usiweke hata mstari wa kuandika kwenye kumbukumbu za matukio baada yake, kama mstari huo unasoma chochote cha muamala.

Kabla usafishaji haujaitwa, mara nyingi kuna mazungumzo mengine ya kughairi, na hapa pana swali la uaminifu. Kiunzi kilikuomba ukijulishe baiti zikiwa tayari. Halafu kimebadili nia, na kinaita EvtSerCx2PioReceiveCancelReadyNotification. Unatakiwa kujibu TRUE au FALSE. TRUE maana yake umefanikiwa kughairi na unaahidi hutaita SerCx2PioReceiveReady. FALSE maana yake umechelewa: umeshaita, au uko karibu kuita. Mwandishi mpya huona FALSE kama kukiri kushindwa, na hujibu TRUE daima ili mambo yaende. FALSE haina aibu yoyote. Ni habari ya kweli ambayo kiunzi kinaihitaji ili kisubiri taarifa yako iliyo njiani. Ukisema TRUE na fanksheni ya interapti ikapiga simu sekunde moja baadaye, umekiletea kiunzi taarifa ya muamala ambao kilishauzika. Njia ya kujibu kwa ukweli ni bendera moja, inayosomwa na kubadilishwa na pande zote mbili chini ya kufuli la interapti. Interapti ikiikuta imewashwa, inaizima kisha inatoa taarifa. Kughairi kukikuta imewashwa, kunaizima na kujibu TRUE. Kukikuta imezimwa, kunajibu FALSE. Aliyeizima ndiye mwenye haki ya kusema, na mmoja tu anaweza kuizima.

Sasa nigeukie jambo ambalo halihusu kuanguka kwa mfumo, bali kupotea kwa data, na kwa maoni yangu ni baya zaidi kwa sababu hakuna anayeliona. Ni yale yanayobaki kwenye FIFO, foleni ndogo ya baiti ndani ya kidhibiti.

Programu imeomba baiti 10. Kidhibiti kimepokea 14. Muamala umekwisha vizuri, usafishaji umeitwa. Zile nne zilizobaki ni takataka? Neno lenyewe, usafishaji, linatushawishi tufute. Rejista ya kudhibiti FIFO ya 16550 ina biti 1 ya kufuta upande wa kupokea na biti 2 ya kufuta upande wa kutuma. Mkono unakwenda huko wenyewe. Tafadhali uzuieni. Laini ya siriali ni mkondo. Haina mipaka ya ujumbe, na mwisho wa muamala ni mpaka uliochorwa na programu, si na aliyetuma. Zile baiti nne ni mwanzo wa usomaji unaofuata. Ukizifuta, itifaki iliyo juu yako itapoteza mpangilio, na mwandishi wake atatafuta kosa kwenye waya. Kufuta kuna mlango wake: programu ikitaka baiti zitupwe, inatuma ombi la IOCTL_SERIAL_PURGE, na kiunzi kinaita kolibaki nyingine kabisa kwa kazi hiyo. Na hapa ndipo inaporudi tofauti niliyoitaja. Kwenye Linux mtaona shutdown ya 8250 ikifuta FIFO, na iko sahihi, kwa sababu bandari nzima inafungwa na hakuna msomaji anayefuata. Kabla hujafuta, jiulize nini kinachokwisha: muamala au bandari.

Hesabu yake pia inafaa kuwa kichwani. Kwa kasi ya 115200, baiti moja yenye biti 8, biti ya kuanza na biti ya kusimama huchukua biti 10, kwa hiyo zinapita baiti 11,520 kwa sekunde, kama mikrosekunde 87 kila moja. FIFO ya 16550 ina nafasi 16. Inajaa ndani ya milisekunde 1.4 hivi. Huo ndio muda ulionao kati ya kuzima kupokea katika muamala mmoja na kuwasha katika unaofuata, kama mtumaji hazuiwi na mistari ya kudhibiti mtiririko. Usafishaji unaozembea milisekunde mbili unapoteza baiti hata kama kila mstari wake ni sahihi. Ndiyo maana sipendi usafishaji unaofanya mambo mengi: kila unachokiongeza kinakula kwenye muda huo.

Upande wa kutuma una swali lake: baiti ya mwisho iko wapi? Rejista ya hali ya laini ina biti 5, inayosema nafasi ya kuwekea data ni tupu, na biti 6, inayosema kwamba hata rejista ya kusukuma biti nje imemaliza. Kati ya hizo mbili kuna baiti nzima ambayo bado inatembea kwenye waya. Kwa kasi ya 9600 hiyo ni zaidi ya milisekunde moja. Ukisafisha kwa kuangalia biti 5, kisha ukazima saa ya kifaa au, kwenye RS-485, aina ya waya ambao vifaa kadhaa huutumia kwa zamu, ukaachia mstari unaoruhusu kutuma, umeikata baiti ya mwisho katikati. Upande wa pili unapokea ujumbe wote isipokuwa mwisho wake, na kwa kuwa itifaki nyingi huweka namba ya kuhakiki mwishoni, wao wataona ujumbe mzima umeharibika. SerCx2 imeitenga kazi hii katika kolibaki yake, EvtSerCx2PioTransmitDrainFifo, nayo ina taarifa yake ya kumaliza. Itumieni. Na kila mnapomwaga FIFO, wekeni njia ya kughairi, kwa sababu upande wa pili ukiwa umeshusha mstari wa kuruhusu kutuma, FIFO haitamalizika, na kusubiri bila kikomo ndani ya kerneli ni kumfungia mtu ndani ya chumba.

Kwa faili nitapita haraka. Kuna kolibaki mbili, EvtSerCx2FileCleanup na EvtSerCx2FileClose, na majina yake yanafanana vya kutosha kuchanganya. Ya kwanza inakuja mpini wa mwisho, yaani njia ya mwisho ambayo programu iliishikia faili, unapofungwa, na maombi yanaweza kuwa bado yapo. Ya pili inakuja hakuna tena anayerejea faili hiyo. Kumbukumbu ambayo ombi lililo hai linaweza kuihitaji isiachiwe katika ile ya kwanza.

Vilevile usafishaji lazima ukubali nyumba iliyojengwa nusu. Maandalizi yanaweza kushindwa katikati: umepata bafa, umekosa njia ya DMA. Kwenye Linux desturi ni kurudi nyuma hatua kwa hatua, cha mwisho kuchukuliwa kikiwa cha kwanza kurudishwa, na nidhamu hiyo inafaa popote. Mimi huanza muundo wangu ukiwa mtupu, sifuri kila mahali, na usafishaji unauliza kila kitu kama kipo kabla ya kukirudisha. Ukiandikwa hivyo, unaweza kuitwa baada ya hatua yoyote, na huna haja ya kuandika njia tano tofauti za kushindwa.

Nimalizie na majaribio, kwa sababu hitilafu hizi haziji kwa kusubiri. Lazima uziite. 16550 ina biti 4 kwenye rejista ya kudhibiti modemu inayounganisha kutuma na kupokea ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo huhitaji hata waya: jaza laini kwa kasi ya juu kabisa, na huku thredi nyingine inaghairi maombi kwa nyakati za kubahatisha, zikiwemo nyakati zilizopangwa karibu sana na mwisho wa muamala. Washa Driver Verifier kwenye Windows, au KASAN kwenye Linux, ili kumbukumbu iliyoachiwa ikiguswa na prosesa upate jina la aliyeigusa. Linux ina pia chaguo liitwalo CONFIG_DEBUG_SHIRQ, ambalo kwa interapti za kushirikiana huita fanksheni yako mara moja zaidi wakati unaiondoa, kusudi kuona kama uko tayari kwa interapti inayokuja ukiwa unaondoka. Nilipowasha zana za namna hii kwenye kiendeshi changu kile cha milisekunde 50, baada ya wiki zote zile za kutafuta, mfumo ulianguka ndani ya jaribio la kwanza, na safari hii jina lililoandikwa kwenye ripoti lilikuwa la kiendeshi changu.

Msimbo wa kiendeshi hicho ninao hapa, kama ulivyokuwa kabla ya kurekebishwa. Naomba taa zipunguzwe kidogo ili mwone skrini. Tuanzie kwenye mstari unaoachia bafa, kisha turudi juu pamoja, mstari kwa mstari, tumtafute yule ambaye bado alikuwa njiani.